Kabla hujailipia printa, hakikisha inajua kusoma PDF

Nina steshenari Morogoro, njia ya kuelekea chuo kikuu cha kilimo, SUA. Kazi ni zile zinazojulikana: kutoa kopi, kuprinti, kuskani, kulamineti vyeti, kubaindi tasnifu. Kompyuta zote za dukani zinatumia Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na sababu kubwa ni flashi za wateja. Flashi inayofika mezani kwangu imeshapita maabara ya chuo, intaneti kafe na laptopu za marafiki, na mara nyingi imebeba kile kirusi kinachoficha mafaili yote na kuacha njia za mkato zisizofunguka. Kirusi hicho kimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux hakina pa kushikia: mafaili yaliyofichwa nayaona, naprinti kazi ya mteja, anaondoka, na anayefuata hapokei ugonjwa wa aliyemtangulia.

Wenzangu wenye maduka wakisikia hivyo hukubali upesi, kisha huuliza: na printa je? Ni swali la haki. Steshenari bila printa ni banda tu, na nimeona watu wakirudi Windows kwa sababu ya printa peke yake. Karibu kila mara tatizo lilikuwa limeanza dukani, siku ya kununua, kwa sababu muuzaji aliulizwa "ina draiva ya Linux?" naye akajibu "ndiyo" kwa kuwa jibu hilo halimgharimu kitu. Draiva ni programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa fulani. Swali la kuuliza ni kama printa inaweza kufanya kazi bila draiva yoyote. Kwa hilo huna haja ya kumwamini mtu. Unalisoma kwenye boksi na kulijaribu papo hapo.

Nani anageuza ukurasa kuwa nukta

Ukurasa haujatoka kwenye printa mpaka ugeuzwe kuwa nukta ndogo ndogo. Kuna printa zinazoifanya kazi hiyo zenyewe. Unazipelekea PDF, au PostScript ya Adobe, au PCL ya HP, nazo zina prosesa na kumbukumbu ya kutosha kuusoma ukurasa na kuuchora. Kuna nyingine ambazo mtengenezaji amepunguza gharama kwa kuiachia kompyuta kazi yote. Printa inapokea nukta tu, tena kwa mpangilio ambao kampuni haikuueleza hadharani. Hizi za pili ndizo zisizoweza kuishi bila draiva maalumu. Draiva ikikosekana, au ikiwa imetengenezwa kwa toleo la zamani la mfumo wako, mashine nzima inakaa bila kazi.

Mifano iko mingi mitaani kwetu. HP LaserJet 1020 ni mashine imara, lakini programu yake ya ndani haikai ndani yake: kila inapowashwa, lazima kompyuta iipakie upya kwenye printa. Mahali ambapo umeme unakatika na kurudi, fikiria hilo linajirudia mara ngapi kwa siku. HP LaserJet Pro M1132, yenye skana juu, inahitaji kipande cha ziada kisicho huria juu ya HPLIP, programu ya HP ya kuendeshea printa zake kwenye Linux, na toleo la kipande hicho lazima lilingane na toleo la HPLIP yenyewe. Ukisasisha mfumo asubuhi HPLIP ikapanda toleo, huprinti mpaka upakue kipande kipya, na kama bando limeisha wateja watasubiri. Canon LBP2900 inatumia mpangilio uitwao CAPT, na draiva yake ya Linux imewasumbua mafundi kwa miaka. Ukiwa tayari unayo mojawapo ya hizi na inafanya kazi, itunze. Ninachokuomba ni usiende kuinunua leo kwa sababu tu imeshuka bei.

Kilichobadilisha mambo ni simu. Mwaka 2010 Apple walileta AirPrint ili iPhone na iPad ziweze kuprinti. Simu haiwekewi draiva, kwa hiyo printa ililazimika kujieleza yenyewe: jina langu hili, nina karatasi za A4, naweza pande mbili, nipelekee ukurasa kwa mpangilio huu. Mazungumzo hayo yanafanyika kwa itifaki ya IPP, yaani kanuni za kuprinti kupitia mtandao, na IPP ndiyo msingi wa CUPS, programu inayosimamia uchapaji kwenye Linux. CUPS ilianzishwa na Michael Sweet mwaka 1997; Apple wakaichukua kwa ajili ya Mac, na mwaka 2007 wakanunua msimbo wake. Kwa hiyo AirPrint ilizaliwa nyumba ya jirani na Linux. Mwaka 2013 Printer Working Group, kundi linaloweka viwango vya printa, wakatoa kiwango cha wazi kiitwacho IPP Everywhere, na mwaka huo huo Canon, HP, Samsung na Xerox wakaunda umoja wa Mopria, ambao kazi yake watu wengi wanaiona kwenye simu za Android.

Faida kwetu ni kubwa. Printa iliyotengenezwa ili simu yoyote iweze kuitumia, Linux nayo inaitumia bila draiva. Na huko ndiko dunia nzima inakokwenda: Microsoft walitangaza mwaka 2023 kwamba watapunguza hatua kwa hatua draiva za kampuni nyingine ndani ya Windows, na watengenezaji wa CUPS wameshasema toleo la 3 litaachana na draiva za mtindo wa zamani. Anayenunua leo printa isiyojitegemea ananunua kitu ambacho mlango wake unafungwa pande zote mbili.

Kusoma boksi na karatasi ya sifa

Tafuta kwanza neno AirPrint. Hilo peke yake linatosha kunifanya niendelee kuitazama mashine. Mopria ni ishara nzuri pia. Kisha shuka mpaka kwenye mstari wa lugha za printa. Ukiona PDF, PostScript 3 au PCL 6, umefika pazuri. Baadhi ya kampuni zina majina yao ya PostScript: Kyocera wanaiita KPDL, Brother wanaiita BR-Script. Ukiona GDI, "host-based", CAPT au SPL, yaani zile zinazoiachia kompyuta kazi yote, na hakuna lugha nyingine pembeni, rudisha boksi mahali pake.

Angalia herufi za mwisho za jina kwa makini, maana muuzaji anaweza kukupa ndugu wa ile uliyoitaka. Herufi "n" kwa kawaida humaanisha ina tundu la waya wa mtandao, "w" ina waifai, "d" inachapa pande mbili yenyewe, "f" ina faksi. Epson L3210 na L3250 zinafanana sana ukizitazama kwa mbali, lakini ya kwanza ni ya USB tu na ya pili ina waifai. Kwa upande wa HP kuna herufi "e" mwishoni mwa baadhi ya majina. Hiyo ni familia ya HP+, ambayo inataka printa iwe kwenye intaneti wakati wote na itumie wino au tona halisi ya HP peke yake. Kwa duka linalohesabu bando, mimi siishauri.

Tundu la waya wa mtandao nalipenda kuliko waifai. Waifai ya printa nyingi ni ya 2.4 GHz tu, na kwenye jengo lenye maduka kumi kila mtu ana ruta yake kwenye mawimbi hayo hayo. Waya hauna habari na majirani.

Jaribu kabla ya risiti

Hapa ndipo nataka ukae zaidi, kwa sababu dakika chache za dukani zinaokoa miezi ya kuhangaika. Nenda na laptopu yenye Linux, au flashi ya Ubuntu au Mint inayoweza kuwashwa bila kusakinisha kitu. Beba waya wa USB na waya mfupi wa mtandao wako mwenyewe. Muuzaji makini atakubali. Anayekataa printa isiwashwe, hasa ya mtumba, amekwisha kukujibu.

Kwa printa yenye tundu la mtandao huna haja ya ruta ya dukani. Chomeka waya moja kwa moja kutoka laptopu kwenda kwenye printa, kisha kwenye mipangilio ya mtandao chagua IPv4 iwe Link-Local Only. Vifaa vyote viwili vitajipa anwani zinazoanza na 169.254 na vitaonana kupitia Avahi, huduma ya Linux inayotafuta vifaa kwenye mtandao. Subiri kidogo, fungua teminali (dirisha la kuandikia amri), andika:

driverless

Ukipata mstari unaoanza na ipp:// au ipps:// wenye jina la printa, furahi. Amri hiyo inaorodhesha tu printa zinazoweza kutumika bila draiva. Ongeza na hii:

lpstat -e

Inakuonyesha printa zote ambazo CUPS inaziona, hata ambazo hujazisajili.

Kwa printa ya USB, kuna huduma iitwayo ipp-usb, iliyoandikwa na Alexander Pevzner, inayoifanya printa ya USB izungumzwe kama ya mtandao. Ubuntu na Debian za miaka ya karibuni huja nayo. Amri ni zile zile. Kama unataka uhakika wa ndani zaidi, andika:

sudo lsusb -v | grep -A 3 "bInterfaceClass.*7"

Tafuta mahali penye Class 7, SubClass 1 na Protocol 4. Namba hizo tatu zikitokea zaidi ya mara moja, printa inaijua IPP kupitia USB. Ukiona Protocol 1 au 2 tu, hiyo ni USB ya zamani, nayo itahitaji draiva. Jaribu basi tundu la mtandao kama lipo.

Baada ya hapo printi kazi halisi. Usikubali ile karatasi ya majaribio ya printa yenyewe, maana hiyo inatoka hata kama haijaunganishwa na kompyuta. Mimi nabeba mafaili matatu: tasnifu ndefu ya PDF yenye grafu na picha, fomu ya serikali yenye masanduku na mistari myembamba, na ukurasa wa picha tupu. Tasnifu inakuonyesha kama kumbukumbu ya printa inatosha. Printa dhaifu hutulia katikati ya ukurasa wenye ramani na taa kuanza kuwaka. Fomu inaonyesha kama mistari inatoka iliyonyooka na kama printa inakata pembezoni. Picha inaonyesha mistari ya dramu (silinda inayopeleka tona kwenye karatasi) iliyochoka au kichwa cha wino kilichoziba. Printi tasnifu hiyo kwa pande mbili:

lp -d JINA_LA_PRINTA -o sides=two-sided-long-edge tasnifu.pdf

Simama karibu, sikiliza karatasi inavyorudi ndani. Karatasi ikikwama kwenye mashine mpya, dukani, kwenye sakafu safi, basi kwako penye vumbi itakwama zaidi.

Skana ni kifaa kingine

Wengi huhakikisha printa inachapa, wanalipa, kisha wanagundua nyumbani kwamba skana haionekani. Ndani ya mashine ya kazi nyingi kuna vifaa viwili vinavyokaa pamoja, na kwenye Linux vinasimamiwa na programu tofauti: printa na CUPS, skana na SANE. Kufaulu kwa kimoja hakukuhakikishii cha pili.

Kwangu skana ni nusu ya riziki. Msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu, HESLB, vijana wanapanga foleni: tunatoa fomu, wanasaini, wanagongewa mihuri, wanarudi tuiskani na kuipakia. Skana ikigoma siku hizo, hasara unaiona kwa macho.

Kwa hiyo ukiwa bado dukani, andika:

scanimage -L

Ukiona jina la mashine likiwa na neno airscan au escl, umepata skana isiyohitaji draiva. Itifaki yenyewe inaitwa eSCL, ndugu wa AirPrint kwa upande wa kuskani. Nyingine ni WSD, iliyotoka Microsoft. Programu ya sane-airscan, ambayo nayo ni ya Pevzner, inazijua zote mbili. Isipokuwepo, isakinishe:

sudo apt install sane-airscan

Halafu fungua programu ya Simple Scan, ambayo kwenye mifumo mingine inaonekana kwa jina la Document Scanner, uskani ukurasa mmoja kwenye kioo na kurasa kadhaa kupitia trei ya juu inayovuta karatasi zenyewe. Trei hiyo ijaribu kweli kweli. Kuna mashine ambazo kioo kinakubali na trei haitambuliki. Kama unatoa kopi za vitini vya wanafunzi, bila trei hiyo utasimama siku nzima ukifunua na kufunika.

Njia ya akiba ambayo haijali mfumo wowote ni skana inayoweza kuhifadhi moja kwa moja kwenye flashi iliyochomekwa kwenye mashine yenyewe. Mashine yenye uwezo huo ina thamani kubwa kwangu. Kutuma kwenye folda ya mtandao kunafaa pia, ila mashine za zamani zinatumia SMB1, itifaki ya zamani ya kushirikishana mafaili, ambayo Samba, programu inayofanya kazi hiyo kwenye Linux, waliizima kuanzia toleo 4.11 la mwaka 2019 kwa sababu za usalama. Usiirudishe. Kama mashine inaruhusu FTP au barua pepe, tumia hizo.

Mashine ninazozikubali

Kwa steshenari au shule inayochapa sana nyeusi na nyeupe, chaguo langu la kwanza ni Kyocera ECOSYS M2040dn. Ina PCL 6 na KPDL, ina AirPrint, ina tundu la mtandao, inachapa pande mbili, inatoa hadi kurasa 40 kwa dakika. Kinachonivuta zaidi ni muundo wake: dramu haitupwi pamoja na tona. Tona ya TK-1170 imepimwa kurasa 7,200, na dramu imekadiriwa kurasa 100,000. Mafundi wake wapo, vipuri vipo, na utaikuta kwenye maduka mengi ya kopi, kwa hiyo ikiharibika si lazima upande basi kwenda Dar. Ikiwa mpya huja na tona ya kuanzia ya kurasa 3,600, basi tenga pesa ya tona mapema.

Kwa ofisi ndogo, HP LaserJet Pro MFP M428fdn ni nzuri: inasoma PDF, PostScript na PCL, na haina herufi "e". Hapo huna haja ya HPLIP kwa kazi ya kawaida. Jihadhari na ndugu zake wa bei nafuu, HP Laser MFP 135a na 135w, ambazo lugha yao ni SPL.

Brother DCP-L2540DW ni ndogo, inachapa pande mbili, na ina AirPrint. Brother wenyewe hutoa draiva za Linux za deb na rpm, jambo ninalowashukuru, ila zimetengenezwa kwa prosesa za Intel na AMD. Ukitaka kuiendesha kwa Raspberry Pi, kompyuta ndogo yenye prosesa ya aina nyingine, tumia njia ya IPP, au draiva huria ya brlaser.

Kwa rangi, katriji ndogo za wino siziwezi kwa bei. Naelekeza watu kwenye printa za tangi. Epson L3250 inatumia chupa za 103, na makadirio ya Epson ni kurasa 4,500 kwa chupa nyeusi na 7,500 kwa seti ya rangi. Draiva yake ya ESC/P-R ni huria na iko tayari kwenye Debian na Ubuntu kwa jina la printer-driver-escpr, na kwa skana Epson wana Epson Scan 2 ya Linux. Hapa navunja sharti langu la kutotumia draiva, kwa kuwa msimbo wa draiva hiyo uko wazi na unaweza kujengwa upya kwenye mfumo wowote utakaokuja. Sharti moja la kuishi nayo: izime kwa kitufe chake, usichomoe ukutani, ili kichwa cha wino kijifunike. Kichwa kilichoachwa wazi kwenye joto la mchana kinakauka. Na ichapishe kitu chenye rangi kila wiki hata kama hakuna mteja wa rangi.

Bei ya ukurasa, na mtumba

Chukua bei ya tona pale unaponunua, gawa kwa idadi ya kurasa zake, kisha ongeza bei ya dramu iliyogawanywa kwa kurasa zake, na bei ya karatasi. Hiyo ndiyo gharama yako kabla ya umeme na kodi ya fremu. Kumbuka idadi za kiwandani zinapimwa kwa kurasa zilizojaa wino kiasi cha asilimia 5 hivi. Barua ya kawaida ndivyo ilivyo. Tasnifu yenye picha za mashamba inakula mara kadhaa zaidi, kwa hiyo kurasa za picha zitoze bei yake.

Mashine nyingi nzuri zinazofika kwetu ni mtumba kutoka Ulaya na Dubai. Sina ubaya nazo. Mashine ya ofisi iliyotunzwa inaishi kuliko mpya ya bei rahisi. Omba muuzaji atoe karatasi ya hali ya mashine kutoka kwenye menyu yake. Humo kuna hesabu ya kurasa zote ilizowahi kuchapa. Mashine yenye dramu ya kurasa 100,000 ikiwa imeshachapa 180,000, uliza dramu ilibadilishwa lini, na kama hakuna jibu, punguza bei ya dramu mpya kwenye mazungumzo. Angalia pia kama mashine imefungwa kwa neno la siri la mmiliki wa kwanza. Ukishindwa kuingia kwenye mipangilio ya mtandao, hata Linux haitakusaidia.

Na usiichomeke printa ya tona kwenye UPS ndogo ya kompyuta. Sehemu inayoyeyusha tona huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na UPS hiyo itazima au kuungua. Printa ichomeke kwenye kilinda umeme chake, kompyuta ibaki kwenye UPS.

Siku ya kwanza dukani kwako

Ipe printa anwani isiyobadilika, ama kwenye ruta ama kwenye menyu ya printa yenyewe. Printa inayohama anwani kila umeme ukirudi ndiyo chanzo cha "jana ilikuwa inaprinti, leo imegoma". Kisha isajili kwa jina unalolitaka:

sudo lpadmin -p Kyocera -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere

Weka anwani yako badala ya hiyo. Maneno "-m everywhere" ndiyo yanayoiambia CUPS iulize printa sifa zake yenyewe. Anayependa kubofya afungue kivinjari kwenye localhost:631, kuna kila kitu humo.

Halafu karatasi. Ukisakinisha Linux kwa Kiingereza cha Marekani, mfumo unaweza kudhani unatumia karatasi ya Letter, ambayo hapa kwetu haipo. Printa itasimama, taa ya rangi ya chungwa itawaka, na utadhani imeharibika, kumbe inasubiri karatasi ya Kimarekani. Rekebisha hivi:

sudo lpadmin -p Kyocera -o PageSize=A4

Hakikisha pia faili la /etc/papersize lina neno a4, na trei kwenye menyu ya printa imewekwa A4. LibreOffice nayo ina ukubwa wake wa ukurasa kwenye kila waraka, na nyaraka za wateja zilizotengenezwa kwa Letter zipo nyingi. Zibadilishe kabla ya kuprinti, ukiangalia kwamba vichwa vya sura havijasogea.

Kama printa haionekani kabisa kwenye waifai ilhali simu inaiona, chunguza mambo mawili. Kwanza, ukuta wa usalama kwenye kompyuta: mlango wa UDP 5353 lazima uwe wazi kwa mtandao wa ndani ili Avahi ifanye kazi. Pili, ruta: waifai ya wageni mara nyingi imewekwa vifaa visionane, basi printa na kompyuta zikae kwenye mtandao mkuu.

La mwisho ni usalama. Septemba 2024 mtafiti Simone Margaritelli alitangaza udhaifu kwenye cups-browsed, huduma inayotafuta na kusajili printa za mtandao yenyewe, na vifurushi vinavyoandamana nayo, uliomwezesha mtu wa mbali kuingiza printa ya uongo na kuendesha amri kwenye kompyuta pale kazi inapotumwa kwenye printa hiyo. Marekebisho yalitoka, kwa hiyo sasisha mfumo. Na kwa kuwa umeshaisajili printa yako kwa mkono kwa anwani isiyobadilika, huna haja ya huduma hiyo. Izime:

sudo systemctl disable --now cups-browsed

Printi ukurasa mmoja baada ya hapo, uskani mmoja, uzime na kuwasha kila kitu, urudie tena vyote viwili. Zikikubali baada ya kuwashwa upya, fungua mlango upokee wateja.